phpMyAdmin kwenye seva ya depo ya dawa: tathmini kutoka Lubumbashi

phpMyAdmin inafaa kwa kuona na kurekebisha data. Haifai kwa kusafirisha data nyingi kutoka mashine moja hadi nyingine, na haifai kabisa kuachwa wazi kwenye intaneti, hata kwa usiku mmoja. Hiyo ndiyo hukumu yangu baada ya kuisakinisha kwenye seva za wateja mbalimbali hapa Lubumbashi. Mfano nitakaoutumia zaidi ni seva ya depo moja ya dawa katika komini ya Kampemba: kompyuta ya kawaida ya mezani yenye mfumo wa Ubuntu Server 24.04, Apache ya kutoa kurasa za wavuti, lugha ya PHP na hifadhidata ya MariaDB, iliyofungwa kwenye betri ya akiba kwa sababu zinazojulikana na kila mkaaji wa mji huu. Juu yake inaendeshwa programu ya stoki ambayo aliyeiandika alikwishahamia Kolwezi, na ambayo haitoi ripoti nyingine zaidi ya zile alizozikumbuka siku alipoiandika. Mwenye depo alitaka njia ya kuangalia ndani ya hifadhidata yake bila kumwita fundi kila anapohitaji orodha ya dawa zinazokaribia kuisha muda.

Kwa wasioijua, phpMyAdmin ni programu ya kusimamia hifadhidata za MySQL na MariaDB kupitia kivinjari. Ilianzishwa mwaka 1998 na Tobias Ratschiller, ambaye aliiacha mwaka 2000 kwa kukosa muda, na mwaka 2001 ikachukuliwa na Olivier Müller, Marc Delisle na Loïc Chapeaux, waliouendeleza kama mradi wa pamoja. Imeandikwa kwa PHP, inatolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, na mradi wenyewe uko chini ya Software Freedom Conservancy, shirika la Marekani linalolea programu huria. Kwa mwenye depo maana yake ni kwamba hakuna dola ya leseni itakayodaiwa leo wala mwakani, na katika mji ambao hata kodi ya nyumba huhesabiwa kwa dola, sifa hiyo husikilizwa kabla ya nyingine zote. Ukurasa wake unapatikana kwa Kifaransa kamili, kwa hiyo karani aliyezoea kuona Parcourir, Rechercher na Exporter kwenye programu nyingine hapotei humu.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipendelee kuliko programu za kusakinishwa kwenye kompyuta ya kila mtumiaji. Kazi yote hufanyika kwenye seva, na kinachosafiri ni ukurasa tu wenye safu 25 za jedwali, ambacho ndicho kiasi cha kawaida kisipobadilishwa. Mtu akiwa mbali, akitumia muunganisho wa simu unaolegalega na wenye megabaiti za kununua, tofauti hiyo anaionja mfukoni. Muunganisho ukikatika katikati ya kusoma, anapakia ukurasa upya na kuendelea.

Kusakinisha kwenyewe ni amri moja, `apt install phpmyadmin`, na baada yake maswali machache kwenye skrini ya maandishi. Swali la kwanza ndilo lililowatesa watu wengi kuliko yote yanayofuata, ingawa linaonekana dogo. Programu inauliza ni seva gani ya wavuti ipangwe, inaorodhesha apache2 na lighttpd, na apache2 tayari imepakwa rangi kana kwamba imechaguliwa. Haijachaguliwa. Ni lazima kubonyeza kitufe cha nafasi hadi nyota itokee ndani ya mabano, kisha kitufe cha Tab, kisha Enter. Anayebonyeza Enter moja kwa moja huona usakinishaji ukimalizika kwa amani, hufungua kivinjari, na hukutana na ujumbe kwamba ukurasa haupo. Dawa yake ni kuendesha `dpkg-reconfigure phpmyadmin` na kujibu upya, safari hii kwa nyota. Mtumiaji wa Nginx, seva nyingine ya wavuti, atambue kwamba hayumo kwenye orodha hiyo hata kidogo: aache nafasi zote mbili tupu, kisha mwenyewe aielekeze seva yake kwenye folda ya /usr/share/phpmyadmin.

Swali la pili linahusu hifadhidata ndogo ambayo phpMyAdmin hujitengenezea kwa mambo yake: amri ulizozihifadhi, historia, uhusiano wa majedwali. Jibu ni ndiyo, iachwe ijipange. Wanaotumia MySQL badala ya MariaDB, na waliowasha kipengele kinachopima ugumu wa manenosiri, wanaweza kukwamishwa hapa na kosa namba 1819, kwa sababu nenosiri linalotungwa wakati wa usakinishaji halikidhi masharti ya kipengele hicho. Waandike nenosiri gumu wao wenyewe, au wakizime kipengele kwa muda na kukiwasha tena usakinishaji ukishapita.

Kisha unakuja mlango wenyewe. Fundi anafungua ukurasa, anaandika root, jina la mtumiaji mwenye mamlaka yote, na nenosiri lake, na anarudishiwa kosa namba 1698 kwamba ameka­taliwa. Hapo wengi huanza kutafuta namna ya kumlazimisha root akubalike, na maelekezo ya kufanya hivyo yamejaa kila mahali, lakini mimi nawashauri waache. Kwenye Ubuntu na Debian, root wa hifadhidata hutambuliwa kwa kuwa ni root wa mashine yenyewe, bila nenosiri la kuandikwa kwenye kivinjari, na kinga hiyo imewekwa kwa makusudi. Njia safi ni kuingia kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, kwa `sudo mariadb` na kuunda watumiaji wapya kwa kazi zao. Pale Kampemba niliunda wawili: wa fundi, mwenye haki zote juu ya hifadhidata ya stoki peke yake, na wa mwenye depo, mwenye haki ya SELECT tu, yaani kusoma bila kugusa. Jambo hili halielezwi vya kutosha: phpMyAdmin haina mamlaka yake yenyewe. Inaonyesha kile tu ambacho akaunti ya hifadhidata inaruhusiwa, na mwenye depo anapoingia, vitufe vya kufuta na kuhariri ama havipo, ama akivibonyeza seva inakataa. Analala salama, nami pia.

Wapo wanaopendelea kupakua toleo jipya kutoka tovuti rasmi badala ya kutumia kifurushi cha Ubuntu, na wana hoja, kwa kuwa kifurushi hubaki nyuma kwa matoleo. Kazi inayoongezeka si kubwa. Faili la config.sample.inc.php linanakiliwa kuwa config.inc.php, ndani yake panajazwa siri inayoitwa blowfish_secret, ambayo tangu toleo la 5.2 inatakiwa kuwa na baiti 32 kamili. Na folda ya tmp inafunguliwa ili seva ya wavuti iweze kuandika humo, la sivyo ukurasa wa kwanza utakuja na onyo la rangi kwenye mguu wake. Toleo la 5.2 linahitaji PHP 7.2.5 au mpya zaidi. Ila anayepakua mwenyewe achukue na faili la saini ya kidijitali, linaloonyesha kwamba nakala haikuguswa, na kulihakiki. Mwezi Septemba 2012, mojawapo ya seva zilizokuwa zikigawa nakala za SourceForge, tovuti ya kusambaza programu huria, iliyokuwa Korea, iligunduliwa ikigawa phpMyAdmin 3.5.2.2 iliyopachikwa faili la ziada la server_sync.php, ambalo lilimruhusu mtu wa mbali kuendesha amri zake kwenye seva ya aliyelisakinisha. Watu wapatao 400 walikuwa wamekwisha kulipakua. Kuhakiki saini ni kazi ya dakika moja, na nani kati yetu hajawahi kupewa programu kwenye fleshi na rafiki aliyepewa na rafiki?

Sasa matumizi. Ukurasa wa kwanza una orodha ya hifadhidata upande wa kushoto na vichupo juu, na mtu aliyewahi kutumia Excel anaanza kusoma majedwali bila kufundishwa. Kuhariri ni kubofya mara mbili kwenye kisanduku. Kichupo cha Exporter kinatoa CSV, ambayo mwenye depo anaifungua na kuipanga atakavyo, pamoja na SQL, JSON, PDF na miundo mingine ambayo sijawahi kuona mteja akiihitaji. Kwa fundi, kinachopendeza ni kwamba kila kitendo kinaonyeshwa pamoja na amri ya SQL, lugha ya hifadhidata, iliyokitekeleza, hivyo kijana anayejifunza kazi anajifunza lugha yenyewe akiwa kazini. Kuna pia kitufe cha kuigiza amri za UPDATE na DELETE, ambacho kinaonyesha ni safu ngapi zitakazoguswa kabla hujazigusa kweli. Kingeanza kubonyezwa kila mara, simu nyingi za usiku zisingepigwa.

Palipotokea kazi ya kweli ni kwenye herufi. Data za depo zilihamishwa kutoka mashine ya zamani ya MySQL, na katika programu ya stoki majina yote yalionekana sawasawa. Nilipofungua jedwali la bidhaa katika phpMyAdmin, kila neno comprimé lilisomeka comprimÃ©, na paracétamol ikawa paracÃ©tamol, ukurasa mzima. Mama anayeshughulikia stoki alichungulia skrini akauliza, «Papa, hizi dawa zimeandikwa na nani hivi?» Mwenye depo naye akaamua papo hapo kwamba phpMyAdmin ndiyo iliyoziharibu, na ni shutuma ambayo chombo hiki kimebebeshwa mara nyingi bila hatia.

Kilichokuwa kimetokea kinaonekana kwenye kichupo cha Structure, katika safu wima ya Interclassement, yaani mpangilio wa herufi, iliyosomeka latin1_swedish_ci. Hadi toleo la 5.7, MySQL, iliyozaliwa Sweden, ilitumia mpangilio huo kwa kila jedwali ambalo mwenyewe hakulichagulia mwingine. Programu ya stoki ilikuwa ikiandika kwa UTF-8, namna ya kisasa ya kuhifadhi herufi, ambamo é ni baiti mbili, na jedwali lilizipokea kama herufi mbili za latin1, namna ya zamani ambamo kila herufi ni baiti moja. Programu ilipozisoma kwa kosa lile lile iliziunganisha tena, kwa hiyo hakuna aliyejua. phpMyAdmin haishiriki kosa hilo. Inasoma jedwali kama jedwali linavyojitambulisha, na ugonjwa wa miaka ukajitokeza hadharani.

Hapa ndipo chombo kinapoweza kumponza fundi mwenye haraka. Kwenye kichupo cha Opérations kuna orodha ya kuchagua mpangilio mpya wa herufi, na kisanduku cha kuubadilisha kwa safu wima zote kwa mkupuo. Akikiweka alama, seva itazichukua zile herufi mbili kama zilivyo, Ã na ©, na kuziandika kwa uaminifu kabisa katika utf8mb4, yaani UTF-8 kamili ya MySQL, na kosa ambalo lilikuwa la kusoma tu litakuwa limeandikwa ndani ya data yenyewe. Njia iliyo sahihi ni ndefu kidogo: kwanza kunakili jedwali zima kwa kichupo hicho hicho cha Opérations, kisha kubadilisha kila safu wima ya maandishi iwe ya VARBINARY, ambayo haina habari ya herufi na inashika baiti tu, kisha kuirudisha kuwa VARCHAR, yaani maandishi, yenye utf8mb4. Mwisho, programu ya stoki nayo ielekezwe kuzungumza na seva kwa utf8mb4, la sivyo yenyewe ndiyo itakayoanza kuonyesha vioja. Yote haya niliyafanya bila kutoka kwenye kivinjari, nikiangalia amri kabla ya kuitekeleza, na mama wa stoki akisoma majina kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa. Kwa kazi ya namna hiyo, ya kuona, kugusa, na kuona tena, sijui chombo kinachoizidi.

Kusafirisha data ni habari nyingine. Kichupo cha Importer kinatangaza kiwango chake cha juu, na kwenye seva mpya kiwango hicho ni megabaiti 2, kwa sababu ndivyo PHP inavyokuja ikiwa imepangwa. Hata kikomo hicho, upload_max_filesize, kikipandishwa, post_max_size, kikomo cha ombi zima, yenye megabaiti 8 inasimama nyuma yake, na nyuma ya hiyo kuna max_execution_time, kikomo cha muda, ya sekunde 30. Mtu anaweza kuvipandisha vyote katika php.ini, faili la mipangilio ya PHP, akaanzisha upya Apache, akapakia faili lake, na umeme ukakatika kwenye kompyuta yake wakati seva ikiwa imekula nusu ya majedwali. phpMyAdmin inajitahidi: inaweza kukatisha uingizaji unapokaribia kikomo cha muda na kuendelea pale ilipoishia, na kuna mpangilio wa UploadDir unaoiruhusu kusoma faili lililokwisha kuwekwa kwenye seva kwa njia nyingine. Lakini ikiwa faili limeshafika kwenye seva, amri ya `mariadb` kwenye terminali italimeza haraka na bila masharti hayo yote. Nakala za akiba za kila usiku vivyo hivyo: ni kazi ya mysqldump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata, na cron, inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa. Kivinjari kinachotegemea mtu akumbuke kubonyeza Exporter si mpango wa akiba.

Kero moja ndogo: kikao hufungwa baada ya sekunde 1440 bila kuguswa, yaani dakika 24, na karani aliyeitwa kaunta kuhudumia mteja anarudi na kukuta anaombwa nenosiri upya. Muda huo unarefushwa kwa LoginCookieValidity, na sharti ni kuongeza pia session.gc_maxlifetime ya PHP, vinginevyo onyo litatokea. Mimi kwenye depo sikuurefusha. Kompyuta iko mahali watu wanapopita.

Kuhusu usalama sina maneno ya upole. Anayeweka seva yoyote kwenye intaneti na kusoma daftari la Apache siku zinazofuata atakuta maombi ya kurasa za /phpmyadmin, /pma, /myadmin na /mysql, yakitoka kwa mashine za nchi ambazo depo ya Kampemba haina biashara nazo. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikipapasa vitasa. Na vitasa hufunguka: mwezi Juni 2018 ilibidi kutolewa toleo la 4.8.2 kuziba pengo lililomruhusu mtu aliyekwisha ingia kusoma na kuendesha mafaili ya seva. Kifurushi cha Ubuntu kimo katika tawi la universe, ambalo halipewi uangalizi sawa na tawi kuu, kwa hiyo kutegemea masasisho peke yake ni kujipa moyo tu.

Kubadilisha Alias katika /etc/phpmyadmin/apache.conf ili anwani isiwe ile inayojulikana kunapunguza kelele, ila si kufuli. Kuweka AllowRoot kuwa false, ili root asiingie kabisa, ni lazima. Uthibitisho wa hatua mbili, uliokuja na toleo la 4.8 mwaka 2018, ni mzuri kwa wenye simu za kutosha. Pale depo nilifunga mlango kwa mstari wa `Require ip` unaokubali kompyuta za ndani ya ofisi pekee, na mimi nikiwa nyumbani Katuba ninaingia kwa handaki la SSH, njia iliyosimbwa ya kufikia seva kutoka mbali: amri moja ya `ssh -L` inaleta ukurasa ule kwenye kompyuta yangu kana kwamba nimekaa pale, na kwa dunia nzima iliyobaki haupo. Kwa seva ya kukodi iliyo Ulaya ningefanya hivyo hivyo, pamoja na cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt, ambacho hakilipiwi.

Mshindani wa kutajwa ni Adminer ya Jakub Vrána wa Ucheki. Ni faili moja tu la PHP, takriban kilobaiti 500, na zaidi ya MySQL na MariaDB inahudumia PostgreSQL na SQLite pia. Kwenye laini dhaifu hupakuliwa hata kwa simu. Inawekwa, kazi inafanyika, inafutwa. Fundi anayetembelea seva ya mtu kwa saa moja, naamini hiyo ndiyo imfaayo, mradi asilisahau faili pale, kwa sababu nayo imewahi kuwa na pengo lake la kusomewa mafaili, lililozibwa katika 4.6.3. Lakini sura yake ni kavu, na mwenye depo nilipomwonyesha zote mbili alichagua phpMyAdmin bila kusita, kwa kuwa humo aliweza kuona palipo na hatari: kabla ya kufuta jedwali inauliza, na inaandika amri itakayotekelezwa.

Na anayetumia nafasi ya kukodi yenye cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti, kama zilivyo tovuti nyingi za shule na makanisa yetu, asisakinishe chochote. Aingie kwenye cPanel, ateremke hadi sehemu ya hifadhidata. PhpMyAdmin imo tayari, inalindwa na nenosiri la akaunti yake, na kuisasisha ni juu ya mwenye seva.